Jaketi Lililofukuza Mvua

Mzee Festus Ndambuki alipostaafu kazi ya stoo katika kiwanda kimoja kule Athi River, alirudi kwake Kalama na vitu viwili ambavyo hakuwa navyo siku alipoajiriwa: kitambi na presha. Kitambi hakikumsumbua. Alikipapasa kwa fahari na kusema ndicho cheti chake cha utumishi mwema. Presha ndiyo iliyomtia hofu. Daktari alimwandikia dawa, kisha akamtazama juu ya miwani.

"Na utembee, mzee. Si kutembea mpaka dukani. Tembea mpaka utoe jasho."

Mkewe, Munyiva, alipoelezwa hayo alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Yeye tangu utotoni alikuwa ametembea kwenda mtoni, ametembea kwenda kuni, ametembea kwenda sokoni na kikapu chake, kyondo, mgongoni. Kwamba mtu mzima atoke nyumbani, apande kilima, ashuke, arudi pale pale alipotoka mikono mitupu, halafu aitwe amefanya kazi, hilo lilikuwa jipya masikioni mwake. Lakini alimpenda mumewe na hakuwa na haraka ya kuitwa mjane. Jumamosi iliyofuata alimnywesha uji mapema, akamfungulia lango, akasimama pale mpaka alipomwona amepotelea kwenye kona.

Ndivyo Ndambuki alivyojiunga na watembeaji wa Jumamosi. Kiongozi wao alikuwa Mwikali, muuguzi mstaafu ambaye kila mtu bado alimwita Sista. Alikuwa mwembamba, mwenye miguu mirefu kama ya korongo, na shingoni hakukosa darubini, kwa maana alipenda ndege kuliko wengine wanavyopenda nyama choma. Wengine walitoka Machakos mjini, wengine vijijini, na wote walipanda vilima vya Kalama kwa fimbo na porojo. Wiki za kwanza Ndambuki alihema kama mvukuto. Baadaye pumzi ikamrudia, na kabla ya Pasaka alikuwa akiulizia Jumamosi tangu Jumatano.

Kisha ikaja mvua ya mwezi wa nne. Iliwakuta kileleni, mahali pasipo hata kichaka cha kujibanza, na Ndambuki alikuwa amevaa sweta lake la sufu la siku za kazi ya usiku. Sweta lile lilikunywa maji kama ng'ombe aliyeshinda juani. Lilivutika mpaka magotini, likawa zito, na mwenyewe alifika nyumbani akitetemeka kwa baridi. Alilala kitandani majuma mawili, anakohoa mpaka mbwa wanabweka. Sista Mwikali alikuja kumwona, akamsikiliza kifua, akatoa hukumu mbele ya Munyiva.

"Mimi sitaki kukuzika, mzee. Kabla mvua ya mwezi wa kumi ifike, tafuta jaketi ya maana. Ile haipitishi maji. Kama huna, ukae nyumbani na mama."

"Na mimi simtaki nyumbani mchana kutwa," Munyiva akasema. "Jaketi itanunuliwa."

Basi, mwanzoni mwa mwezi wa kumi, mume na mke walishuka Machakos kutafuta jaketi. Ndambuki alidhani ni kazi ya nusu saa. Alikuwa amekaa stoo miaka mingi akipokea na kutoa mizigo, na aliamini hakuna bidhaa inayoweza kumchanganya. Duka la kwanza alivishwa suti ya plastiki wanayovaa vijana wa bodaboda. Maji yalikuwa hayaingii kabisa, hilo lilikuwa wazi. Lakini Munyiva alimwambia apande ngazi za jengo la jirani, ashuke, apande tena. Aliporudi, akafungua vifungo, na mvuke ukatoka kifuani kama kwenye sufuria ya muthokoi inayochemka. Shati lilikuwa limeloa kuliko kama angenyeshewa.

"Sasa hii inakukinga na mvua gani, kama unajinyeshea mwenyewe ndani?" Munyiva akauliza. Wakatoka.

Walikwenda mpaka soko la mitumba, kwa mama mmoja kijana aliyeitwa Winfred. Yeye hakuuza kitu kingine ila makoti, na alikuwa ameyaning'iniza juu, chini, kushoto, kulia, hata ukiingia kwake unaona umeingia katikati ya mkutano wa watu wasio na vichwa. Aliwasikiliza, akamtazama Ndambuki toka begani hadi kiunoni.

"Baba, wewe unatembea milimani?"

"Kila Jumamosi."

"Basi wewe hutaki koti ya kusimama steji kungoja matatu. Unataka jaketi ya kufanya kazi." Akaanza kushusha.

Ndambuki alilipenda la kwanza mara moja. Lilikuwa la buluu, kola imesimama vizuri, na alipojitazama kwenye kioo akamwona meneja wa kiwanda. Alikuwa ameshaanza kutafuta pochi wakati Munyiva alipotoa chupa ya maji kwenye kyondo.

"Mama, unataka kufanya nini?" Ndambuki akanong'ona kwa aibu.

"Nataka kunyesha."

Winfred alicheka. "Mwaga tu, mama. Mwenye duka akikukataza kumwaga, usinunue kwake."

Munyiva akalikunja bega la jaketi kama bakuli, akamimina maji, wakangoja. Kitambaa kilishika. Ndambuki akaanza kutabasamu. Kisha tone moja likachungulia kwenye mshono, likanenepa, likaanguka juu ya kiatu cha Munyiva. Likafuata la pili. Winfred akaligeuza lile jaketi ndani nje, akawaonyesha: mishono ilikuwa mitupu, kila tundu la sindano ni mlango. Kisha akawaonyesha jingine ambalo kila mshono kwa ndani ulikuwa umebandikwa utepe mwembamba. "Hapa maji hayapati pa kupita. Mkitafuta, tafuteni hii tepu kwanza. Rangi mtazame baadaye."

La pili lilikuwa koti kubwa la turubai lililopakwa nta, la kijani kibichi cha matope, na mgongoni kwa ndani lilikuwa na mfuko wa ajabu, mpana kama kiti.

"Hii ni ya wazungu wa kuwinda ndege," Winfred akaeleza. "Mtu anapiga ndege yake, anaiweka huko nyuma, anaendelea."

Ndambuki akaingiza mkono mfukoni hadi kwenye kiwiko. "Kuku anaingia humu," akasema kwa mshangao.

"Na anataga," akasema Winfred.

Alilivaa, akatembea nalo kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho. Lilikuwa imara kama nyumba, na pia zito kama nyumba. Aliporudi mabega yalikuwa yameshuka, na kila hatua koti lilikuwa likisema kacha, kacha, kacha. Akamkumbuka Sista Mwikali na darubini yake. Kwa kelele ile ndege wote wangehamia Makueni. Alilivua kwa huzuni, akaupapasa ule mfuko mara ya mwisho.

Mpaka hapo watu walikuwa wameanza kusimama kutazama. Muuza viatu wa mkabala alikuwa ameacha wateja wake. Jaketi la tatu lilibana kwapani. Ndambuki alipoinua mikono, kitovu chake kiliwasalimia watu wote. La nne kofia yake ilikuwa kubwa, ilimwangukia machoni akagonga nguzo. La tano Winfred alilitoa chini kabisa ya rundo, akalikung'uta.

Lilikuwa jepesi. Mishono ilikuwa na utepe, zipu ilikuwa na kifuniko chake, kwapani palikuwa na zipu ndogo za kufungua joto litoke, na ncha za mikono zilibana kwa vibandiko. Kofia iliweza kuvutwa kwa kamba ikaukaa uso vizuri. Munyiva akamimina maji begani, yakajikusanya kama shanga, yakateleza yakaenda zake. Akamimina kwenye kofia. Akamimina mgongoni. Akamwambia mumewe achutame kama anayefunga kamba za viatu, ainue mikono kama anayepokea baraka, akimbie kidogo. Ndambuki akakimbia. Soko likapiga makofi.

Kasoro ilikuwa moja tu. Lilikuwa la rangi ya papai lililoiva sana.

"Mimi ni mtu wa miaka sitini," Ndambuki akasema. "Nitavaaje kitu kama hiki?"

"Siku ukianguka huko juu," Munyiva akamjibu, "unataka tukutafute na tochi, ama unataka tukuone tukiwa kwa mlango wa jikoni?"

Walivutana bei na Winfred kidogo, kwa heshima, wakaelewana, na Ndambuki akarudi nyumbani amelivaa ingawa jua lilikuwa linachoma. Njiani aliliona likiakisi kwenye dirisha la duka. Akajinyoosha. Moyoni alikiri kwamba lilimkaa.

Sasa kilichobaki ni mvua kuja.

Watu wa Kalama walikuwa wamepanda mbegu kwenye udongo mkavu, kama ilivyo desturi, wakingoja mvua ya mwisho wa mwezi wa kumi. Mwezi ukaisha. Mawingu yalikusanyika kila mchana upande wa Kitui, meusi, yamevimba, watu wakayakodolea macho. Kisha upepo ukayasukuma yakatawanyika. Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja ikapita vivyo hivyo. Na kila Jumamosi Ndambuki alipanda kilima na jaketi lake, kwa maana huwezi kujua, na kila Jumamosi Kalama nzima iliona kitu cha rangi ya papai kikipanda polepole na kushuka kikavu.

Aliyeanzisha maneno ni Nzioka. Huyu alikuwa jirani wa Ndambuki, mfugaji wa kuku, na mdomo wake haukuwa na komeo. Siku moja pale dukani, watu wamekaa wakitazama anga, akasema:

"Nyinyi mnatafuta sababu bure. Mvua inatoka Kitui ikikuja mbio. Ikifika hapo kwa kona, inaona Ndambuki amesimama juu ya kilima anawaka kama moto. Inasema, 'Ala! Huko kunachomeka!' Inarudi."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ndambuki naye alicheka, maana alikuwepo. Lakini mzaha ni kama mbuzi, ukiufungua hujui utakula shamba la nani. Siku ya tatu akiwa njiani watoto walimpungia wakisema, "Babu, vua tuone mvua!" Jumapili kanisani, katekista alipoomba mvua, Ndambuki alihisi macho kisogoni. Akageuka. Benchi nzima ilikuwa inamtazama, kisha ikainamisha vichwa kwa haraka, ikaendelea kuomba.

Jioni moja alikuja Mbithe, mwanamke mzee aliyekuwa na shamba mbele kidogo ya lao, mwenye heshima zake na fimbo yake. Alileta mayai. Aliuliza habari za Ann, binti yao aliyeko Syokimau, akauliza habari za presha, akaeleza mbuzi wake alivyozaa. Chai ilipokwisha ndipo alipokohoa kidogo.

"Mwanangu, mimi ni Mkristo. Hayo maneno ya dukani siyaamini."

"Najua, mwaitu," akajibu Ndambuki, kama mtu amwambiavyo mama yake.

"Siyaamini hata kidogo. Lakini hiyo jaketi... si ungeipumzisha kidogo tu? Imefanya kazi sana."

Ndambuki hakuwa na moyo wa kumkatalia mama wa umri ule. Alilikunja, akalitia sandukuni, akafunga. Na hapa lazima isemwe ukweli: alifanya hivyo pia kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuingiwa na wasiwasi. Alfajiri alikuwa akitoka peke yake kwenda shambani. Alichokora udongo kwa kidole, akaitoa punje ya mahindi, akaitazama. Ilikuwa kavu vile vile alivyoiweka. Aliirudisha taratibu na kuifunika kama anayemfunika mtoto, akainua macho akatazama anga jeupe, na akajikuta anasema, "Kama ni mimi, nisamehe."

Wiki nzima jaketi lilikaa sandukuni. Mvua haikuja.

Ijumaa jioni Munyiva alilitoa, akalikung'uta mbele yake.

"Kesho unaenda kilima na hii."

"Mama Ann, watu wanaongea."

"Wacha waongee. Mvua si ng'ombe ati itashtuka ikiona rangi. Ukienda bila hii halafu inyeshe, ni mimi nitakupaka dawa ya kifua majuma mawili. Si Nzioka."

Ndambuki alipata njia ya kati. Alilikunja rangi ikiwa ndani, akalisukuma kwenye begi dogo la mgongoni, akalifunika kwa gazeti. Akatoka nyumbani mapema kama mwizi.

Asubuhi ile hewa ilikuwa nzito. Walipofika kileleni, Sista Mwikali alikuwa ameinua darubini akitafuta kipanga aliyemwona, na wengine walikuwa wamekaa kwenye mawe wakila ndizi. Kutoka pale unaiona Machakos mjini, mabati yake yakimetameta, na upande mwingine nyika yote mpaka Konza. Ghafla Mwikali alishusha darubini.

"Mabati yamezimika," akasema.

Wote wakatazama. Kweli, mji ulikuwa hauonekani. Mahali pake palikuwa na pazia la kijivu, na pazia lile lilikuwa linatembea. Upepo ukageuka, ukawaletea harufu ile ambayo mtu wa Ukambani anaijua kabla hajajua jina lake mwenyewe, harufu ya vumbi lililopata maji. Tone moja liligonga jiwe, likaacha doa kubwa kama sarafu. Lingine likamgonga Ndambuki kwenye upara.

Kisha mbingu ikafunguka.

Watu wazima, watu wenye wajukuu, waliruka ruka kama ndama. Mmoja alikuwa amefungua mdomo juu. Sista Mwikali alificha darubini kifuani, akaanza kuimba wimbo wa mavuno. Ndambuki alifungua begi, akatupa gazeti, akalivaa jaketi, akavuta zipu hadi kidevuni na kukaza kamba ya kofia.

Loo! Ilikuwa kama kuingia nyumbani na kufunga mlango. Mvua ilimpiga kichwani kama vidole vingi juu ya ngoma, na ndani alikuwa mkavu. Iliteremka mabegani ikamkimbilia vidoleni, na ndani alikuwa mkavu. Alinyoosha mkono akatazama maji yakijikunja kuwa shanga na kudondoka. Wenzake wa mjini walishukia upande wao wa barabara ya lami, na Mwikali akaenda nao. Yeye akashika njia ya nyumbani peke yake, polepole, akichagua kupita mahali mvua ilipokuwa kali zaidi. Alikuwa ameingoja raha ile tangu mwezi wa nne.

Alipofika kwenye barabara ya udongo, penye kona isiyo na nyumba wala mti, alimwona mtu amesimama kando ya pikipiki. Mtu huyo alikuwa amebaki na fulana. Shati lake alikuwa amelitandaza juu ya katoni pana iliyofungwa nyuma ya pikipiki, na alikuwa ameinamia katoni ile kwa mikono miwili kana kwamba anaibariki. Ndani ya katoni mlikuwa na kelele nyembamba nyingi, piyo piyo piyo.

"Nzioka?"

Nzioka akainua uso. Maji yalikuwa yanamtiririka puani. "Ndambuki! Nimekwisha. Nimetoka kuchukua vifaranga Machakos. Wametotolewa jana tu. Maji yakiwafikia wanakufa wote."

"Huna hata gunia?"

"Niko na karatasi ya plastiki. Nimewafunga nayo hapo nyuma, wakaanza kuhema, wengine wakalala. Nikifunika wanakosa hewa. Nikifunua wananyeshewa. Nifanye nini?"

"Na koti yako ya mvua?"

Nzioka alimtazama kwa macho ya mtu aliyenaswa. "Niliiacha nyumbani. Nilijua mvua haiwezi kuja." Akafuta maji puani. "Nilijua jaketi yako iko kazini."

Wakati mwingine wowote Ndambuki angecheka mpaka akalale chini. Lakini alisikia zile sauti ndani ya katoni, na aliona upande wake mmoja umeanza kulegea kwa maji. Akajitazama. Alikuwa mkavu, ana joto, na nyumba haikuwa mbali. Moyo wake ulitamani, kwa kitambo kidogo tu, kwamba angepita njia nyingine. Kisha mkono ukaenda kwenye zipu.

"Toa hilo shati lako," akasema.

Waliivika katoni jaketi kama mtu anavyomvika mtoto asiyetaka kwenda shule. Kofia ikakaa juu, zipu ikafungwa mbele, kamba ikakazwa chini kuzunguka kiti. Nzioka akaogopa. "Hewa?"

Ndambuki akafikiri, akafungua zile zipu ndogo za kwapani, akaishusha mikono ya jaketi ikaning'inia pande mbili, midomo yake ikitazama chini. "Maji hayapandi juu," akasema. "Hewa itapita kwa mikono. Hayo ndiyo madirisha yao."

Wakasikiliza. Piyo piyo ikaendelea, na baada ya kidogo ikatulia kuwa mnong'ono wa watu walioshiba. Nzioka akamshika Ndambuki mkono kwa mikono yake miwili iliyoloa. Akaruka juu ya pikipiki akaondoka taratibu kwenye tope, na nyuma yake abiria mfupi mnene wa rangi ya papai akitikisa mikono kila wanaporuka shimo.

Ndambuki akabaki na shati lake jepesi. Mara moja lilishikamana na mwili. Maji yaliingia shingoni, yakapita mgongoni, yakatokea kwenye viatu. Akatembea. Alikuwa ameloa kuliko mwezi wa nne, na alikuwa anaimba.

Pale dukani watu walikuwa wamejazana barazani. Mbithe alikuwa mbele yao wote, amenyoosha mkono nje ya paa, kiganja kikinywa mvua. Alipomwona, akakunja uso.

"Wewe Ndambuki! Mbona una maringo? Umepita hapa juu ya pikipiki, nimekusalimia, umenipungia mkono tu na kofia machoni, hata neno!"

"Si mimi, mwaitu. Ni vifaranga."

"Nini?"

"Nzioka amebeba vifaranga. Wamevaa jaketi yangu."

Baraza zima likaangua kicheko, na Mbithe akacheka kuliko wote, akimshika mwenzake asije akaanguka. Mtu mmoja akasema kwamba yeye hata alikuwa amemwambia yule abiria "pole na mvua, mzee". Ndambuki alicheka nao, maji yakimtoka puani, halafu akaendelea na safari kabla hajaganda.

Nyumbani alimkuta Munyiva uani, naye ameloa chapa chapa. Alikuwa ametoa nje kila kitu chenye mdomo: ndoo, beseni, sufuria za harusi, hata jagi la chai. Mifereji midogo ya tope jekundu ilikuwa inashuka kati ya mistari ya mahindi, na udongo ulikuwa unakunywa kwa sauti. Alimwona mumewe langoni akaweka mikono kiunoni.

"Baba Ann. Jaketi iko wapi?"

"Imepanda pikipiki."

Akamweleza kwa maneno machache, meno yakigongana. Munyiva alisikiliza, midomo imebanwa, na Ndambuki hakujua kama dhoruba ya pili inakuja. Simu iliyokuwa kwenye dirisha la jikoni ikalia. Munyiva akaichukua, akaiweka sikioni, akasikiliza kitambo, akasema "eeh" mara kadhaa, akaikata.

"Ni Nzioka. Amewaweka kando ya jiko. Wote wako hai, wanakula."

"Asante Mulungu. Na jaketi?"

"Anasema imechafuka kidogo."

"Kidogo namna gani?"

"Hakusema. Amecheka tu." Na hapo Munyiva mwenyewe akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ukuta. "Utakohoa tena, wewe mzee."

"Nikohoe. Nitakohoa nikiwa na mahindi."

Kabla hajamjibu, kishindo kilisikika nyuma ya nyumba. Mfereji wa paa ulikuwa umechomoka kwenye ndoano yake kwa uzito wa maji, na mto mzima ulikuwa unamwagika chini badala ya kuingia kwenye tangi. Ndambuki akakimbia, akapanda juu ya kigoda, akaunyanyua mfereji kwa mikono miwili mpaka mdomo wake ukafika juu ya tangi. Maji yakaingia kwa kishindo. Mengine yakageuka yakamshukia mikononi, yakaingia kwapani.

"Ngoja nilete waya," Munyiva akapiga kelele juu ya sauti ya mvua. "Unaweza kushikilia?"

"Naweza!"

"Usiache, Baba Ann! Shikilia hapo hapo!"

"Nimeshikilia!" akajibu, na akasikia tangi lililokuwa tupu tangu mwezi wa saba likianza kubadilisha sauti, kutoka mlio wa debe hadi mlio mzito wa maji juu ya maji.